Chapati Ipo, Sandwichi ya Nini?

Kuna kitu kinaitwa sandwichi ya semina na mimi ningependa kife. Nakieleza kwa ajili ya wale waliobahatika kutokutana nacho. Ni vipande viwili vya mkate mweupe wa dukani, vimepakwa siagi haraka haraka kama nyumba ya kupangisha inayosubiri mpangaji mpya. Katikati kuna nyama iliyokatwa nyembamba hadi unaweza kuisomea gazeti. Bajeti ikiwa imebana, nyama inatoka, linabaki duara moja la nyanya na mawili ya tango. Vinakatwa pembetatu, vinafungwa kwa nailoni, vinapangwa kwenye trei tangu alfajiri, halafu vinangoja chai ya saa nne. Na kwa joto la Busia, kufika saa nne ile nyanya imeshalia machozi yote ndani ya mkate. Unaushika, unakushika.

Hiki ndicho tunachowalisha watu mia, mia mbili, kila wiki, katika kumbi za hoteli za Busia na Malaba. Tunaalika wakulima, madereva, wazee wa nyumba kumi, akina mama wa vikundi, vijana wa bodaboda. Tunawaketisha kwenye viti vilivyovalishwa vitambaa vyeupe na utepe mgongoni. Kisha tunawapa mkate baridi. Na mlangoni pa ukumbi huohuo, hatua mia mbili hivi, kuna mtu ameinama juu ya jiko la makaa anapindua chapati.

Ugomvi wangu wote uko kwenye hizo hatua mia mbili.

Sasa najua kuna waliokwisha kuona aibu ya mkate baridi, na dawa waliyoileta ni sandwichi ya kuokwa. Video zake zimezunguka kwenye simu za watu wa keta hadi zimechakaa. Unachukua trei nzima ya mikate midogo iliyoshikana, unaipasua kwa upande bila kuitenganisha, unapanga nyama na jibini katikati, unarudisha kifuniko, unapaka siagi yenye kitunguu saumu juu, unaifunika kwa karatasi ya foili na kuitia kwenye oveni dakika ishirini. Jibini inayeyuka, mkate unakauka kidogo juu, unaikata kwa mistari na umelisha watu ishirini na nne kwa mkono mmoja. Nisiwe mchoyo: ni akili nzuri. Aliyeivumbua alielewa jambo ambalo sandwichi ya semina haijawahi kulielewa, kwamba umati haulishwi kwa kumtengenezea kila mtu chake mapema na kukiacha kipoe. Unaandaa vipande vyako vyote kabla, halafu moto unauleta mwisho, watu wakiwa wameshasimama.

Lakini hebu iweke hiyo trei Malaba. Oveni ya kutosha watu mia mbili iko wapi? Hoteli iliyo nayo ina moja, na stima ikipotea, jambo ambalo hapa halihitaji mvua wala upepo, jenereta inawashwa kwa ajili ya kipaza sauti na projekta, si kwa ajili ya oveni. Jibini lenyewe linasafiri kutoka mbali kwenye barafu na bei yake unaijua. Nyama ya kwenye video ni ya nguruwe, na katika mji wenye misikiti na makanisa ya Wasabato, nyama ya nguruwe kwenye trei ya watu wote ni njia ya kuwaambia nusu ya wageni wako wanywe chai kavu. Utasema tutaweka kuku. Sawa. Basi umebakiwa na kuku, mkate na foili, na mtu wa keta amekuja na gari kutoka Kisumu au Bungoma, na jioni pesa zinarudi naye.

Mtu asinisikie vibaya akadhani naanzisha vita vya chakula chetu na chakula chao. Vita hivyo havina mshindi. Neno deli wanalolibandika kwenye menyu ili bei ipande lilitoka kwa wahamiaji wa Kijerumani na wa Kiyahudi waliofungua maduka ya nyama na achari kule New York, wakiwauzia vibarua mlo wa kushika mkononi. Kilikuwa chakula cha mtu mwenye haraka na senti chache. Chapati nayo ni mgeni: ilikuja na Wahindi, na leo hakuna Krismasi ya Mkenya isiyo nayo. Rolex hata Kenya si kwao. Ni ya Waganda, wanafunzi wa Makerere na wakaangaji wa Wandegeya pale Kampala, chapati iliyoviringishwa na mayai ndani, na wakaipa kwa utani jina la saa ya Uswisi ambayo hakuna mlaji wake aliyekuwa nayo mkononi. Imevuka mpaka bila pasipoti na hakuna afisa aliyeisimamisha. Kwa hiyo nikisema tule chapati sisemi turudi kwenye asili. Nasema sandwichi moto, ya mkononi, ya kulisha umati, tayari tunayo, na wanaoijua wako barabarani.

Kama unataka ushahidi kwamba wanaweza umati, usiende kwenye ukumbi. Nenda kwenye foleni.

Mwaka 2020 Uganda ilipoanza kumpima kila dereva wa lori ugonjwa wa Korona pale mpakani, malori yalirudi nyuma kutoka Malaba kilomita baada ya kilomita. Watu walilala chini ya trela siku kadhaa. Januari 2022 ikarudi tena: Uganda ilidai vipimo vipya vya dola 30 kwa dereva, madereva wakagoma, injini zikazimwa, na petroli ikaadimika hadi Kampala. Hao ni wanaume maelfu, mbali na nyumbani, wenye pesa kidogo na njaa kamili. Ni oveni ya nani iliyowalisha? Ni ukumbi gani uliowafungulia mlango? Waliolisha ile foleni walikuja kwa miguu na kwa baiskeli, hotpoti kichwani, termosi mkononi, ndoo ya maharagwe imefungwa kwa leso nyuma ya bodaboda.

"Mama, leo kuna nini?"

"Kuna chapo na madondo, dere. Ama nikukaangie mayai?"

"Kaanga mawili. Na pilipili."

Kwa maneno hayo machache biashara ya Afrika Mashariki iliendelea kupumua. Hakuna aliyeandika mradi. Hakuna aliyepiga picha ya pamoja mbele ya bango.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana najua yupo karani wa fedha anayesoma hapa akisema haya ni mashairi. Tuchukue watu mia mbili. Pakiti moja ya unga wa ngano wa kilo mbili, ukikandwa na maji ya uvuguvugu, chumvi na mafuta kidogo, inatoa chapati ishirini na nne zenye mwili wa kubeba mayai. Pakiti tisa zinakupa 216, hivyo kuna za kuungua na za watoto watakaochungulia. Mayai mawili kwa mtu ni 400, yaani trei kumi na nne na akiba ya mayai ishirini. Kabeji, vitunguu, nyanya na dania vinakatwa usiku au alfajiri. Chapati zinapikwa mapema, zinarundikwa kwenye hotpoti au kikapu na kufungwa kwa kitambaa kinene, na hapo zinajilainisha zenyewe kwa mvuke wao. Hiyo ndiyo foili yetu.

Kisha wanawake watano, kila mmoja na majiko mawili. Vikaango kumi. Rolex moja inachukua dakika nne: mayai yanapigwa kwenye kikombe pamoja na mboga, yanamwagwa, chapati inawekwa juu yakiwa bado mabichi ili yashikane nayo, inageuzwa, inaviringishwa, imekwisha. Kikaango kimoja kinatoa kumi na tano kwa saa, kumi vinatoa mia moja hamsini. Watu mia mbili wanakula kwa saa moja na dakika ishirini, kila mmoja akipokea chake kikitoa moshi. Ukiona ni muda mrefu kwa chai, ongeza wanawake watatu, au anza kukaanga mgeni rasmi anapoanza kusema "kwa hayo machache". Hapo una dakika arobaini za uhakika.

Na kama hutaki mayai, kwa sababu ya bei au kwa sababu umati ni mkubwa zaidi, kuna madondo. Kilo ishirini za maharagwe makavu, yaliyolowekwa jana na kuchemshwa usiku, zinawatosha watu walewale mia mbili pamoja na chapati. Ng'ambo wanaikatakata chapati humo ndani na kuiita kikomando. Maharagwe yana fadhila moja ambayo mayai hayana: hata waziri akichelewa saa tatu, sufuria inabaki jikoni ikichemka polepole na haikasiriki. Mayai ya kukaanga usiyaweke. Yaliyokaa vuguvugu tangu asubuhi ni mwaliko wa tumbo, na hapo ndipo mtu wa keta anapokosea anapoleta rolex sitini zilizofungwa tangu alfajiri kisha anasema chakula cha mitaani ni kichafu. Rolex hukaangwa mlaji akiwa amesimama mbele yako. Ikifungwa na kusafirishwa imekuwa sandwichi ya semina iliyobadili nguo.

Mnamo Novemba 2021, katika kijiji cha Kasokwe, wilaya ya Kayunga, Uganda, kijana mmoja wa YouTube, Raymond Kahuma, na wenzake walipika rolex moja ya kilo 204 na kuingia kwenye kitabu cha Guinness. Mayai 1,200 yaliingia humo, na kazi ilichukua zaidi ya saa kumi na nne. Niliifurahia kama kila mtu. Ila mayai hayohayo 1,200, kwenye vikaango vyetu kumi, ni rolex mia sita kwa saa nne. Nalitaja kwa sababu ndivyo tunavyopenda kukiheshimu chakula hiki: kikiwa maonyesho, kikiwa tamasha, kikiwa rekodi. Tunakipigia makofi Jumamosi, na Jumatatu tunakisainia tenda ya mkate wa pembetatu.

Kuna semina moja siisahau. Ilikuwa Busia, mwandalizi simtaji na hoteli siitaji. Nilikuwa pale kutafsiri. Mada ilikuwa kuwainua wanawake wafanyabiashara wadogo wa mpakani. Asubuhi nzima waliambiwa mambo ya maana kabisa: kwamba bidhaa za Jumuiya zisizozidi thamani ya dola 2,000 zinavuka kwa cheti rahisi cha asili kinachotolewa palepale mpakani, kwamba tangu kituo cha pamoja cha forodha kifunguliwe rasmi na marais wawili Februari 2018 hawahitaji kupita njia za panya, kwamba wadai stakabadhi. Nilitafsiri kwa moyo wote. Halafu ikaja saa nne, na trei zikaingia.

Kando yangu aliketi mama mmoja wa makamo. Kwenye fomu ya mahudhurio, sehemu ya biashara, alikuwa ameandikiwa "chapati na chai". Alifungua nailoni, akatazama, akaifunga tena na kuitia kwenye mkoba.

"Hutakula, mama?"

"Nitawapelekea wajukuu. Wao hawajui ni baridi, wataona ni ya hoteli."

Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitambaa asichokusudia kununua, hiyo moja ni pesa ngapi. Nikamuuliza mhudumu. Sitataja kiasi, ila kwa pesa hiyo mama angekupa rolex mbili na chai na chenji. Alitikisa kichwa mara moja. Mwezeshaji akaturudisha ukumbini tuendelee na sura ya pili, upatikanaji wa masoko.

Soko lilikuwa limekaa ukumbini, jamani! Watu mia na ushee wenye njaa na bajeti iliyokwisha kupitishwa. Mmemtoa mwanamke kwenye jiko lake siku nzima, siku ambayo hakuuza, ili mumfundishe kutafuta wateja, na ninyi wenyewe mkiwa wateja mmeagiza kwingine.

Najua majibu. Nimeyasikia yote. La kwanza ni usafi, na hilo silicheki. Kipindupindu si hadithi kwetu. Kuna wakaangaji wanaofungia chakula kwenye gazeti lenye wino, kuna wanaooshea vyombo maji ya tangu jana, na mafuta ya kikaango kingine yana umri wa kuanza shule. Lakini angalia tunavyolitibu. Sheria inamtaka anayeshika chakula apimwe na kupata cheti cha afya kila miezi sita, na ni sawa. Basi mwandalizi aombe hicho cheti, alete tangi la maji yenye bomba, sabuni, aproni na karatasi safi za kufungia. Gharama yake ni ndogo kuliko vile vitambaa vya viti. Badala yake, anayekuja kumtembelea mama wa chapati kwa jina la usafi ni askari wa kanjo, na anachoondoka nacho ni jiko. Sijawahi kuona mkono uliosafishwa kwa kunyang'anywa jiko.

La pili ni karatasi. "Hawana risiti." Hapa ndipo penye mfupa. Mwenye fedha anataka ankara ya eTIMS, cheti cha kulipa kodi, kotesheni tatu, na akaunti ya benki yenye jina linalofanana na la usajili. Serikali yenyewe tangu 2013 imetenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na wengi wanaojua hivyo ni wale waliosajili kampuni kwa jina la mke. Mama mmoja hawezi kubeba hayo. Kikundi cha kumi kinaweza, na vikundi vipo. Wanawake wa hapa wana chama kabla hawajawa na meza. Kinachokosekana ni mtu wa ofisini atakayetumia nusu siku kuwasaidia kujaza fomu, nusu siku ileile anayoitumia kumpigia mtu wa keta simu akiuliza kama sandwichi zimefika Bumala.

Kuna ugumu mwingine ambao watu wa karatasi hawausemi: malipo ya baadaye. Mtu wa keta anaweza kungoja siku tisini, ana gari, ana mkopo. Mama aliyenunua unga kwa pesa ya karo hangoji hata tisa. Ukimpa tenda bila kumpa pesa mkononi hujamuinua, umemkopa.

La tatu husemwa kwa sauti ya chini: wageni. Eti mgeni kutoka Nairobi, au mfadhili kutoka ng'ambo, atatuonaje tukimpa chapo? Huyo mgeni akishuka Kampala, rolex ndiyo kitu cha kwanza anachotafuta na kupiga picha. Kwetu anajificha nyuma ya nailoni kwa sababu sisi ndio tuliomfungia humo. Na wanaosema chapati ni nzito, washiriki watasinzia, sijui walihudhuria semina gani ambayo watu hawakusinzia.

Liko jambo la mayai pia, na nalisema hata kama linanitoa kidogo njiani. Mayai mengi ya vikaango vyetu yanatoka Uganda. Januari 2017 Kenya ilipiga marufuku kuku na mayai ya Uganda kwa sababu ya homa ya ndege iliyoonekana kule. Machi 2021 ikawa zamu ya mahindi, kwa sababu ya sumukuvu. Sababu za kiafya zilikuwepo, sibishi. Lakini mwenye kikaango kimoja aliamka na kukuta trei haziji, na hakuna aliyemwalika kwenye ukumbi wowote kumwambia afanye nini wiki hiyo. Chakula chake huonekana kuwa suala la kitaifa siku kinapozuiwa. Siku kinapotakiwa kununuliwa kinageuka kuwa kitu cha barabarani. Mji huu uliipa dunia neno bodaboda, kutokana na vijana waliowabeba watu kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka, na neno hilo leo liko kwenye sheria na kwenye mikopo ya benki. Kwa hiyo siyo kwamba hatujui kukichukua kitu cha barabarani na kukipa kiti. Tulifanya hivyo kwa pikipiki. Labda kwa sababu waendeshaji ni wanaume na wana kura za kelele.

Basi mwandalizi mwenye mkutano wa Jumanne pale Malaba, masharti ni haya, nimeyapata kwa wanaopika. Wape habari Ijumaa, na idadi ya kweli, si ile ya kumwonyesha mfadhili. Nusu ya pesa itumwe kwa simu siku hiyohiyo, maana unga na mafuta hununuliwa Jumamosi na trei za mayai zinafika Jumatatu jioni. Waonyeshe mahali penye kivuli nje ya ukumbi, upepo usipopeleka moshi ndani, na bomba liko wapi. Makaa ni juu yao. Hotpoti wanazo. Nusu iliyobaki ilipwe kabla majiko hayajazimwa, na anayetaka pilipili aseme mapema, kwa sababu inaingia pamoja na mayai.